Uso Uliongoja Ijumaa

Jina la Lenzi limembakia, ingawa lenzi yenyewe siku hizi haionekani mkononi mwake. Ukipita leo karibu na dirisha la darasa la nne utamsikia akisoma historia kitabuni, ukurasa kwa ukurasa, kwa sauti ya mtu anayesoma maelezo kwenye chupa ya dawa ya kikohozi. Watoto wanaandika anachosema, wengine wanasinzia, na yeye hawagombezi. Walimu wenzake wanasema mzee kachoka. Uchovu umesingiziwa mambo mengi duniani, na hili ni mojawapo.

Zamani kipindi chake kilikuwa na kelele za sokoni. Mwalimu Lenzi aliingia darasani amekumbatia sanduku la bati, na ndani ya sanduku mlikuwa na picha za kale, vipande vya magazeti yaliyogeuka rangi ya chai, kadi za kliniki, tiketi za mabasi ya kampuni zilizokwisha kufa, hata risiti ya cherehani. Vyote aliviomba kwa majirani, kwa wastaafu, kwa wajane, na aliomba bila haya. Akiona picha ukutani kwa mtu alisahau hata salamu. Kitabu, aliwaambia watoto, ni mtu aliyesimuliwa. Picha ni mtu aliyekuwepo. Kesi ikifika mahakamani utamwita nani kwanza?

Basi watoto walizunguka meza, lenzi yake ya kukuzia ikapita mkono kwa mkono, na yeye alikuwa na maswali mawili tu. Unaona nini? Umejuaje? Mtoto akisema anaona mtu tajiri, aliulizwa amejuaje, na hapo ilibidi aonyeshe kiatu, au saa, au tumbo. Mtoto akikosa la kuonyesha, utajiri wenyewe ulifutwa ubaoni. Watoto wa miaka tisa walikuwa wakirudi nyumbani na kuwauliza baba zao wamejuaje, na akina baba wakaja kulalamika shuleni.

Na alikuwa na sharti moja ambalo hakulivunja kwa mtu yeyote. Uso hauonekani mpaka Ijumaa. Kila picha ya mtu aliizungushia uzi mwembamba ulioshika kipande cha kadi nyeusi juu ya uso, na kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi watoto walitazama mengine yote: mikono, nguo, ukuta wa nyuma, kivuli cha mpigapicha. Alisema ukimwonyesha mtoto uso kwanza, kazi imekwisha. Atasema huyu mzuri, huyu kanuna, huyu kafanana na shangazi, halafu ataweka kalamu chini. Ijumaa ndipo uzi ulipofunguliwa, darasa zima kimya, na baada ya wiki nzima ya kumchunguza mtu watoto waliupokea uso wake kama uso wa mgeni waliyekuwa wakimsubiri stendi. Siku ya Ijumaa mtoto wa darasa la nne hakubaki nyumbani hata kwa homa.

Mwalimu Mkuu hakuyapenda mambo hayo. Alikuwa mtu wa chokaa na mistari iliyonyooka, na methali yake ilikuwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu, aliyoitumia kana kwamba wahenga waliitunga kwa ajili ya cheo chake. Hata hivyo hakuwa mtu mbaya. Mara nyingi alimwambia, "Mwalimu, si uzipige tu kwa simu hizo picha? Nitakuazima ya kwangu." Lenzi alijibu vilevile kila mara. "Mkuu, mtoto ukimwonyesha kwenye simu atatelezesha kidole atafute nyingine. Na nyuma ya picha ataionaje?" Yeye mwenyewe alikuwa na kisimu cha vitufe kilichofungwa kwa mpira, na alikionea fahari. Ubishi ule ulimgharimu, na tutafika huko.

Alipoanzia wazimu wa picha panajulikana. Mama yake alifariki yeye akiwa bado ananyonya. Aliyemlea ni dada yake, aliyekuwa na umri wa miaka kumi siku ya msiba, na aliyemfunga mgongoni na hakumfungua mpaka alipoanza shule. Dada hakuolewa. Walioleta posa walimkuta na mtoto mgongoni, wakahesabu wanavyojua wao kuhesabu, wakaondoka. Lenzi naye hakupata mke wala mtoto, kwa hiyo wawili hao wakazeeka pamoja katika nyumba ya vyumba viwili, wakigombana juu ya chumvi na redio. Mwanamume mwenye mvi aliyeogopwa na darasa zima alikuwa akifika nyumbani anaambiwa, "Mwanangu, vua viatu, nimepiga deki."

Ukutani, juu ya kiti cha dada, ilining'inia picha pekee ya mama yao. Mama alikuwa mfuaji wa mashuka katika hospitali kubwa. Siku moja hospitali ilipata mashine mpya ya kufulia, akaletwa mpigapicha wa kuipiga mashine hiyo, na kwa kuwa mashine peke yake haionyeshi ukubwa wake, wakamchukua mfuaji aliyekuwa karibu wakamsimamisha mbele yake katikati kabisa. Picha ikatoka nakala mbili. Moja ikaenda ofisini, ikapotea na ofisi yenyewe. Ya pili akapewa mama. Nyuma yake paliandikwa kwa penseli jina la mashine, namba ya mashine, mwaka wa mashine, halafu neno "na mfuaji." Mashine ilipata jina lote hilo, mama hata herufi moja hakupata. Mwenye kuandika hayo sijui alizaliwa na nani.

Lenzi aliiomba picha ile kwa miaka. Dada alikataa kwa miaka. "Mama yangu si chaki," alimwambia. Wala kupigwa kwa simu hakukubali, maana hakutaka mama yake azungushwe kwenye viganja vya watu wasiomjua. Mpaka mwaka mmoja daktari alipomwambia kwamba moyo wake umechoka na hauna dawa ya kuurudisha ujana. Alirudi kutoka hospitali, akakaa kwenye kiti chake, akashika tama kwa muda mrefu. Kisha akamwita.

"Nikifa mimi, nani atamjua mama?"

"Mimi nipo, dada."

"Wewe ulikuwa unanyonya. Unaijua picha. Na wewe ukifa?"

Lenzi akainua macho kwenye picha.

"Wale watoto wako," dada akasema. "Unasema ukiwaonyesha uso siku ya Ijumaa hawausahau."

"Hawausahau."

"Basi mpeleke. Darasa zima wakimwona, hata wakisahau wote atabaki mmoja. Huyo mmoja atakuwa mzee kama mimi, na mama atakuwa bado yumo kichwani mwa mtu." Akaivua picha msumarini kwa mikono yake mwenyewe, akaifuta vumbi kwa upindo wa kanga. "Unirudishie Ijumaa hiyo hiyo. Ukuta ule sitauzoea."

Hayo ndiyo yaliyokuwa ndani ya fremu ile alipoibeba Jumatatu, na Lenzi aliyajua. Alitembea ameikumbatia kifuani kama mtu aliyebeba mayai.

Wiki ilianza vizuri kuliko wiki zote alizowahi kufundisha. Jumatatu alifuta kioo kwa kitambaa kibichi mbele ya watoto, akaitoa picha kwenye fremu, akafunga uzi na kadi. Hakuwaambia ni mama yake. Alitaka wamfikie wenyewe. Jumanne waligeuza nyuma, wakasoma maandishi ya penseli, na mtoto mmoja wa benchi la nyuma, ambaye tangu mwaka uanze hakuwahi kunyoosha mkono, akauliza kwa nini mashine ina jina na mtu hana. Lenzi alitoka nje kidogo, akasema anakwenda kupenga kamasi. Jumatano waligundua kwamba mikono ya nguo ya mfuaji imelowa mpaka kwenye viwiko, kwa hiyo aliitwa akiwa kazini, hakupewa hata nafasi ya kujifuta. Wakaona kwamba amekunja vidole vya mguu ndani ya kiatu cha wazi kilichokuwa kikubwa. Wakaona kwamba hakuigusa mashine. Umejuaje kwamba aliiogopa? Kwa sababu ameacha nafasi ya kiganja, mwalimu.

Aliyeona mengi kuliko wote alikuwa msichana mmoja aliyekuwa Kiranja wa Usafi, mtoto mwenye bidii ya kuchosha watu wazima. Yeye ndiye aliyeuliza juu ya doa. Kwenye sketi ya mfuaji palikuwa na doa la kahawia, la mvua ya mwaka fulani iliyopenya ukutani. "Mwalimu, chini ya doa kuna nini?" Lenzi akajibu alivyozoea kujibu, "Hatuwezi kujua. Doa ni pazia." Akaendelea na mengine.

Alhamisi ikaja habari kwamba kesho yake wanakuja wakaguzi. Mwalimu Mkuu alibadilika rangi. Vipindi vya mchana vikafutwa, walimu wote wakaitwa ofisini kupanga maandalio ya masomo, na watoto wakaachiwa ndoo, sabuni ya unga na madodoki wasugue shule mpaka ing'ae. Lenzi alifunga sanduku lake la bati kwa kufuli. Picha ya mama aliiacha juu ya meza, na uzi wake na kadi yake, kwa sababu kesho ndiyo siku yake na kwa sababu aliwaamini watoto wale. Mtu mwingine angeitia kwenye mkoba. Ni rahisi kusema hivyo ukiwa umekaa.

Aliporudi darasani jua lilikuwa limeanza kulala upande. Sakafu ilikuwa bado mbichi, madawati yamesuguliwa mpaka majina ya wahuni wa zamani yametoka. Kiranja wa Usafi na wenzake wawili walikuwa wamesimama mstari karibu na dirisha, wametulia kama watu wanaongojea zawadi. Kwenye kizingiti cha dirisha, juu ya kitambaa safi, picha ilikuwa imelazwa kifudifudi. Pembeni yake uzi na kadi nyeusi, vimepangwa.

"Mwalimu, tumemsafisha," kiranja akasema. "Wakaguzi wasimkute na doa. Mfuaji gani atakaa na doa?"

Lenzi akasogea dirishani. "Mmemsafisha kwa kitu gani?"

"Kwa sabuni na dodoki. Taratibu, mwalimu. Tulipofungua uzi tulifumba macho, wote. Hatukuchungulia. Tumemsugua tumefumba macho mpaka mwisho, halafu tukamlaza kifudifudi, ndiyo tukafumbua."

Wenzake wakatikisa vichwa kuthibitisha. Mmoja akaapa kwa jina la bibi yake.

Lenzi akaigeuza picha. Penseli ya upande wa nyuma ilikuwa bado inasomeka, jina la mashine na namba yake vyote vizima. Upande wa mbele palibaki karatasi nyeupe yenye mikwaruzo, na kwenye kona moja kipande cha bomba la mashine, kikubwa kama ukucha. Utando wa picha ulikuwa umelainika kwa maji na kuondoka na dodoki, na maji yalikwisha kumwagwa kwenye mtaro.

Watoto hawakuiona. Alikuwa ameielekeza kifuani kwake.

"Imetakata, mwalimu?"

Wengine wangepiga kelele, wengine wangepiga mtoto. Lenzi alimtazama msichana yule, vidole vyake vimekunjamana kwa maji ya sabuni, akaona kwamba hakuna hata kitu kimoja alichokifanya ambacho hakufundishwa na yeye. Yeye ndiye aliyewaambia wasiogope kugusa. Yeye ndiye aliyefuta kioo kwa maji mbele yao. Yeye ndiye aliyewafundisha kutotazama.

"Imetakata," akasema. "Asanteni. Nendeni nyumbani."

Mwalimu Mkuu alimkuta bado amekaa kwenye dawati la mtoto, magoti yamemfika kidevuni. Alipoonyeshwa karatasi alikaa naye. Akasema alichojaliwa kusema: "Maji yakimwagika hayazoleki, mwalimu." Ni methali nzuri na ya kweli, na hakuna aliyewahi kupona kwa kuambiwa.

Jioni ile dada alipouliza, alimwambia picha imelala shuleni kwa ajili ya kesho. Ulikuwa uongo mdogo, naye hakuwa na nguvu ya mkubwa.

Ijumaa wakaguzi walikuja. Watoto wa darasa la nne walikuwa wamechana nywele kuliko ilivyoagizwa, na si kwa ajili ya mkaguzi. Kipindi kilipoanza, kiranja akanyoosha mkono. "Mwalimu, leo ni uso." Darasa likajisogeza mbele. Mkaguzi, mwanamke mwenye miwani na kalamu za rangi mbili, akainua kichwa.

"Fungueni kitabu," Lenzi akasema. "Sura ya pili."

Hakuna aliyefungua. Walidhani ni utani wake, maana alikuwa na utani. Ikabidi arudie. Vitabu vikafunguliwa kimoja kimoja, na yule mtoto wa benchi la nyuma akawa wa mwisho, akimtazama mwalimu kwa macho ya mtu aliyeuziwa kitu kibovu. Lenzi alisoma sura nzima bila kuuliza swali hata moja. Hakuwaambia sababu siku hiyo, na hajawaambia mpaka leo. Angewaambia, msichana mmoja angebeba jambo hilo maisha yake yote, na bora wamwone yeye mwongo. Wakamwona mwongo, na tangu siku hiyo hawakumwamini tena kwa lolote la maana.

Mkaguzi alimpa mkono mlangoni. Alisema shule nyingi amezunguka, na walimu wanaofuata kitabu sawasawa ni wachache. Akaandika hivyo kwenye ripoti, na Mwalimu Mkuu, aliyekuwa amesimama nyuma yake, akatazama viatu vyake.

Nyumbani alimkuta dada amekaa kwenye kiti chake, chini ya msumari mtupu, anachagua mchele kwenye ungo. Alikuwa amevaa gauni lake la kutokea. Alipomwona mlangoni akaweka ungo chini.

"Walimwona?"

Lenzi alivua viatu. Akaja akapiga magoti mbele yake, jambo ambalo hakulifanya tangu utotoni, akamwekea karatasi mapajani. Dada akaitazama, akadhani ni upande wa nyuma, akaigeuza. Akaona penseli. Akairudisha.

"Hii ya nini?"

Akamweleza. Hakuacha kitu, hata macho ya watoto yaliyofumbwa. Dada alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, akipitisha kidole gumba juu ya weupe ule kama anayetafuta mshono.

"Kwa hiyo hawakumwona."

"Waliona mengi, dada. Waliona mikono imelowa mpaka hapa. Waliona kiatu kilikuwa kikubwa, akakunja vidole. Waliona hakuigusa mashine. Mtoto mmoja aliuliza kwa nini hawakuandika jina lake. Hakuna mtu aliyewahi kuuliza hivyo."

"Na uso?"

"Uso ulikuwa wa leo."

Nje mtu alipita akiburuta dumu, sauti ikaenda mpaka ikapotea.

"Wewe umekaa chini ya picha ile maisha yako yote," dada akasema. "Niambie mama yukoje."

Lenzi akafungua kinywa. Kiatu kilimjia akilini. Mikono ya nguo ilikuja, na bomba, na kivuli cha kofia ya mpigapicha kwenye sakafu. Akatafuta juu ya kola. Alijua pana macho mawili, pua, mdomo, kama kila mtu. Alijaribu kuvikusanya, na kila alipokaribia alikuta uso wa dada yake mwenyewe, kijana, amembeba.

"Siwezi, dada."

Dada akafumba macho kujaribu yeye. Kifua chake kilikuwa kinapanda na kushuka kwa shida, kama daktari alivyosema kitafanya.

"Mimi nilikuwa namjua kabla ya picha," akasema akiwa bado amefumba. "Alinisuka, alinichapa, alinilaza. Lakini miaka mingi nimetazama ile tu. Sasa nikimtafuta naona fremu." Akafumbua. "Basi tumekuwa sawa, mwanangu. Zamani wewe ndiye uliyekuwa huna mama."

"Nisamehe, dada."

Dada aliikunja karatasi mara mbili, kitu ambacho mtu hafanyi kwa picha, akaiweka juu ya mchele.

"Siku ile ya msiba nilikuwa nimekubeba," akasema. "Wakamtoa mama mlangoni, mimi nimesimama hapo, na shangazi akaniambia usilie, utamwamsha mtoto. Sikulia. Nikasema nitalia ukilala. Ukilala nina vyombo, nina maji, nina nguo zako. Halafu ikawa nina picha, nikaona hakuna haja."

Lenzi alinyoosha mkono amshike bega. Dada akautoa mkono ule polepole, bila hasira.

"Niache," akasema. "Leo sina mtoto mgongoni."

Akaanza kulia, mwanzo kidogo, kisha kwa sauti ya msichana wa miaka kumi, mbele ya mtu mzima mwenye mvi aliyepiga magoti na asiyejua aweke wapi mikono yake.